Diski Imefungwa, Kompyuta Imekuwa Nzito: Pa Kutazama Kabla ya Kuondoa Ulinzi

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi ni mwezi wa joto na mavumbi, na ndio mwezi ninaoletewa kompyuta nyingi zenye lalamiko moja. Mwenye mashine anaiweka mezani, anajipangusa jasho, anasema: “Yaya, tosha ile kitu ya kufunga diski, mashini iko nzito sana.” Kutosha, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ni kuondoa.

Siitoshi kabla ya kuangalia. Kompyuta ile imebeba orodha ya wagonjwa, au faili za wakili, au mishahara ya wafanyakazi, na kesho inaweza kunyakuliwa kwenye teksi kati ya Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, na mjini. Aliyeinyakua akikuta diski iliyofungwa, amepata chuma na plastiki tu. Akikuta iliyo wazi, amepata watu wote waliomo ndani. Na mara nyingi nikichunguza, nakuta uzito umetoka kwingine kabisa.

Usimbaji fiche wa diski nzima ni hivi: kila kipande cha data kinafumbwa kabla ya kuandikwa kwenye diski, na kinafumbuliwa kinaposomwa. Kazi hiyo hufanywa na prosesa, kwa kawaida kwa AES, njia ya kufumba data inayotumika zaidi. Prosesa yenye maagizo ya AES ndani yake hupitisha zaidi ya gigabaiti 1 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ya kompyuta ya mkononi husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. Basi diski yako ikiwa ya kuzunguka, prosesa inamaliza kazi yake kisha inakaa kuisubiri diski. Gharama ya usimbaji huonekana zaidi kwenye SSD (diski zisizozunguka) za kasi za aina ya NVMe, au kwenye prosesa za zamani zisizo na maagizo hayo.

Kabla ya kugusa chochote

Weka nakala ya data yako kwenye diski nyingine, kisha hakikisha unao ufunguo wa kuokolea. Kwa BitLocker, kifunga-diski cha Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

manage-bde -protectors -get C:

Utaona tarakimu 48. Zinakili kwenye karatasi, uiweke nyumbani. Usiiweke kwenye mfuko wa kompyuta, maana mwizi atachukua vyote kwa pamoja. Kwa Linux yenye LUKS, kifunga-diski chake, chukua nakala ya kichwa cha diski, sehemu ile ya mwanzo inayohifadhi funguo:

cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa.img

Badilisha sda3 kulingana na diski yako. Kichwa hicho kikiharibika na huna nakala, nenosiri sahihi halitakusaidia kitu. Mtumiaji wa VeraCrypt, programu nyingine ya kufunga diski, aliyefunga mfumo mzima atunze ile diski ya uokoaji aliyotengenezewa siku ya kwanza. Huna nakala wala ufunguo? Basi usiendelee na hatua nyingine hapa chini hadi uwe navyo.

Dalili: kompyuta nzima imekuwa nzito tangu siku ilipofungwa

Sababu ya kawaida kuliko zote: kazi ya kufunga haijaisha. Mtu amebonyeza kitufe, umeme umekatika, betri imekwisha, naye anadhani kazi ilimalizika zamani. Andika manage-bde -status, usome asilimia. Ikiwa ni 63, iache kwenye umeme ifike 100, kisha ndipo uhukumu.

Ya pili ni diski yenyewe kuchoka. Kufunga diski nzima kunalazimisha kila sehemu yake isomwe na kuandikwa, na diski ya miaka minane inaonyesha siku hiyo udhaifu iliokuwa ikiuficha. Soma hali yake: smartctl -a kwenye Linux, au CrystalDiskInfo kwenye Windows. Ukiona sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa zinaongezeka, tatizo ni diski. Hamisha data kwanza.

Ya tatu ni kumbukumbu ndogo. Kompyuta ya GB 4 yenye kivinjari cha tabo ishirini inaandika na kusoma diski bila kupumzika kwa sababu RAM imejaa, na kila safari hiyo sasa inapitia usimbaji. Kuongeza RAM hadi GB 8 kutakusaidia kuliko kuondoa ulinzi.

Ya nne, na kwa mji wetu ningeipandisha juu, ni joto. Mwaka jana niliifungua mashine ya mhasibu mmoja aliyekuwa ameshaamua kuondoa usimbaji. Nyuma ya feni, kwenye mapezi ya shaba, vumbi jekundu lilikuwa limeshikamana na nyuzi za nguo likawa kama kipande cha blanketi. Nililishika kwa koleo likatoka zima, na umbo la mapezi limechorwa upande mmoja. Prosesa isiyopata hewa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nilisafisha, nikabadilisha krimu ya joto iliyokuwa imekauka kama chokaa, nikaiwasha. Usimbaji haukuguswa, na yule bwana hakuuliza tena habari ya kuuondoa.

Sasa, ikiwa hayo yote ni salama, ndipo tutazame prosesa. Kwenye Linux:

grep -m1 -o aes /proc/cpuinfo

Ikijibu “aes”, maagizo yapo. Isipojibu kitu, hayapo, au yamezimwa kwenye BIOS. Intel ilianza kuyaweka mwaka 2010, lakini si kwenye kila prosesa: Core 2 Duo hazina kabisa, na Core i3 nyingi za kizazi cha pili na cha tatu zilinyimwa, ilhali i5 za wakati uleule zilipewa. Hizo i3 zimejaa kwenye soko letu la mitumba. Ukinunua, uliza namba kamili ya prosesa. Jina la i3 pekee halitoshi.

Kisha pima kwa cryptsetup benchmark. Tazama mstari wa aes-xts (XTS ni namna AES inavyotumiwa kwenye diski). Ukiwa chini ya kasi ya diski yako, hapo ndipo usimbaji unapokuchelewesha kweli. Una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kushuka kutoka AES-256 hadi AES-128. AES-256 hupitisha data kwenye mizunguko 14, AES-128 mizunguko 10, kwa hiyo nafuu ipo. Wengine huona kama dhambi. Mimi siogopi: hakuna anayejulikana kuvunja AES-128 iliyotumiwa vizuri, na Windows yenyewe hutumia XTS-AES ya biti 128 kwa chaguo-msingi cha BitLocker. Mwizi atapitia nenosiri lako hafifu muda mrefu kabla ya kujaribu kuivunja AES. Angalia tu mtego mmoja: XTS hugawa ufunguo mara mbili, kwa hiyo biti 512 kwenye LUKS ni AES-256, na biti 256 ni AES-128. Nimeshaona mtu akiandika 128 akidhani anapata AES-128, akabaki anashangaa kwa nini amri inakataa.

Njia ya pili ni Adiantum, namna nyingine ya kufumba data. Google waliitangaza mwaka 2019 kwa ajili ya simu za bei nafuu zisizo na maagizo ya AES, na kwenye prosesa ndogo ya Cortex-A7 ilikuwa na kasi karibu mara tano ya AES-256-XTS. Imo ndani ya Linux tangu toleo la 5.0, na LUKS inaikubali kwa jina xchacha12,aes-adiantum-plain64. Kwa Core 2 Duo iliyobaki ofisini ni msaada wa kweli. Inahitaji diski ifungwe upya, basi rudi kwenye habari ya nakala.

Njia ya tatu inawahusu wa VeraCrypt: kama siku ya kwanza ulichagua AES-Twofish-Serpent, yaani njia tatu za kufumba zilizopangwa juu ya nyingine, kwa kudhani tatu ni bora kuliko moja, unalipa mara tatu kwa hatari isiyo yako. Rudi kwenye AES peke yake.

Dalili: kompyuta ina kasi, lakini baada ya kuandika nenosiri inasubiri sana

Kungoja huku kumewekwa kwa makusudi. Nenosiri lako haligeuzwi kuwa ufunguo papo hapo. Linasagwa mara nyingi mno ili anayebahatisha naye asubiri kila anapojaribu. LUKS ya sasa hutumia njia ya kusaga iitwayo Argon2id na hulenga kama sekunde 2. VeraCrypt kwa chombo cha kawaida husaga mara 500,000 kwa njia nyingine, SHA-512. Sekunde zile mbili zako ni ukuta kwa mtu mwenye kompyuta inayojaribu maneno usiku kucha.

Zikizidi sana, sababu ya kwanza ni kwamba diski ilifungwa kwenye mashine yenye nguvu kisha ikahamishiwa kwenye dhaifu. Idadi ya kusaga ilipimwa kule, unailipia huku. Ibadilishe ukiwa kwenye mashine utakayoitumia:

cryptsetup luksChangeKey --iter-time 2000 /dev/sda3

Sababu ya pili: anayefungua ni GRUB, programu ndogo inayoiwasha Linux. GRUB haitumii maagizo ya kasi ya prosesa, kwa hiyo sekunde 2 za Linux zinaweza kuwa 10 au zaidi. Ukitenga /boot, sehemu yenye faili za kuwashia, bila kuifunga, kufungua kunahamia Linux na kungoja kunapungua. Unachotoa hapo ni kwamba mtu anayeifikia mashine yako kwa siri anaweza kuchezea faili za kuwashia. Kwa hofu ya mwizi wa teksi, mimi hukubali biashara hiyo na kuacha Secure Boot, ukaguzi wa programu za kuwashia, ikiwa imewashwa. Kwa mwandishi wa habari au mtetezi wa haki ambaye kompyuta yake inaweza kuchukuliwa na kurudishwa, sikubali. Avumilie sekunde zake kumi.

Kwenye VeraCrypt, chagua mwenyewe aina ya kusaga kwenye dirisha la kufungulia badala ya kuiacha ijaribu zote moja moja. PIM, namba inayopanga idadi ya kusaga, nayo inapunguza muda, ila programu haitakuruhusu kushuka chini ya kawaida kama nenosiri lako halijafika herufi 20. Sharti hilo ni la haki: urefu wa nenosiri unafidia kusaga kulikopungua.

Kuna “suluhisho” moja la watu ambalo lazima nilitaje. Kwa kuchoka kungoja asubuhi, hawaizimi kompyuta kabisa. Wanafunga kifuniko tu na kuitia mfukoni. Kompyuta iliyolala bado inashika ufunguo ndani ya RAM. Watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba ufunguo unaweza kusomwa kwenye RAM hata muda mfupi baada ya umeme kukatwa, hasa RAM ikipoozwa. Unaposafiri kwenda Likasi au Kasumbalesa, zima kabisa, au tumia ule usingizi mzito unaoandika kumbukumbu yote kwenye diski na kuzima mashine. Kwenye Linux, hakikisha sehemu ya swap, ile nafasi ya diski RAM inapoandikwa, nayo imefungwa, la sivyo ufunguo utaandikwa peupe.

Dalili: nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa

Hapa nataka tukae, kwa sababu nimeona watu wakifuta diski nzima kwa kosa la kibodi.

Mama mmoja anayetunza kumbukumbu za zahanati aliniletea kompyuta akiwa karibu kulia. Siku tatu nenosiri linakataa. Nilimwomba aliandike mbele yangu polepole, nami nikatazama vidole, si skrini. Kibodi yake ni ya Kifaransa, AZERTY, kama nyingi za hapa. Lakini skrini ile ya kabla ya mfumo kuamka ilikuwa inasoma kibodi ya Kimarekani, QWERTY, na herufi zilikuwa zimefichwa kwa nyota. Tuseme neno ni mazao77. Kwenye AZERTY kidole kinapobonyeza M, mashine ya QWERTY inapokea nukta-mkato. A inakuwa q, z inakuwa w. Na kwa kuwa tarakimu za AZERTY zinahitaji Shift, 77 inakuwa &&. Yeye ameandika mazao77, mashine imepokea ;qwqo&&. Nilichomeka kibodi ya QWERTY ya USB, akaandika neno lake akifuata herufi zilizochorwa, diski ikafunguka. Alishika meza kwa mikono miwili.

Kwa hiyo hakikisha kwanza Caps Lock na Num Lock. Baadhi ya kompyuta ndogo hugeuza herufi za kulia kuwa tarakimu Num Lock ikiwaka. Kisha jaribu kibodi ya QWERTY kutoka nje. Ikifunguka, rekebisha kwa kudumu: kwenye Debian na Ubuntu endesha dpkg-reconfigure keyboard-configuration, kisha update-initramfs -u. GRUB kwa kawaida itabaki na QWERTY. Kwa yeyote anayetumia kibodi mbili, ushauri wangu ni nenosiri refu la maneno kadhaa ya Kiswahili yasiyo na a, q, z, w, m, tarakimu wala alama. Kuandika bila a kwa Kiswahili ni kazi, najua, lakini maneno kama “jengo”, “upepo”, “ndovu”, “kisu”, “debe” yapo, na sita au saba yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu ni ngome. Msitumie haya niliyoyaandika.

Kibodi zote mbili zikikataa, angalia kama kuna kitufe kisichoshika. Kichwa cha LUKS kilichoharibika ni sababu ya mwisho na nadra. Ndipo ile nakala ya kichwa inapotumika.

Dalili: Windows inaomba tarakimu 48 ghafla

Chipu ya TPM, inayotunza ufunguo kwenye bodi, imeona kitu kimebadilika kwenye mwendo wa kuwasha. Chomoa flashi na kila kilichochomekwa, uwashe tena. Kisha jiulize: BIOS imesasishwa? Betri ndogo ya bodi imekufa na saa imerudi nyuma? Secure Boot imeguswa? Bodi imebadilishwa? Bodi ikiwa mpya, TPM ya zamani imeondoka na bodi ya zamani, na ufunguo wa kuokolea ndio njia pekee.

Skrini inaonyesha utambulisho wa ufunguo. Linganisha herufi zake 8 za kwanza na za karatasi yako, au ingia kwenye akaunti ya Microsoft kwa simu. Wengi hushangaa kwa kuwa hawakuwahi kufunga diski. Tangu Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024, kompyuta nyingi zinazosanikishwa upya hujifunga zenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukinunua ya mitumba, ufunguo unaweza kuwa kwenye akaunti ya mwenye zamani, kwa hiyo isanikishe upya kabla ya kuweka kazi yako.

Siku nyingine, kabla ya kusasisha BIOS, simamisha kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1

Anayekuomba pesa ili akuvunjie BitLocker bila ufunguo kwa kawaida atakula pesa yako.

Dalili: SSD ilikuwa na kasi, sasa kuandika kumekuwa kuzito

Kwenye Linux, tatizo huwa TRIM haipiti. SSD haiambiwi ni vipande gani vimeachwa huru, inajikuta imejaa. Jaribu fstrim -v /. Ikikataa, ruhusu:

cryptsetup refresh --allow-discards --persistent jina_la_diski

Kinachotoka nje ni picha ya wapi pana data na wapi pako wazi, yaliyomo hayaonekani. Kwa ofisi ya kawaida ni sawa. Kwa anayeficha hata kiasi cha alichonacho, hapana. Kwenye NVMe yenye kasi, na Linux 5.9 au zaidi, ongeza kwenye amri hiyo hiyo --perf-no_read_workqueue na --perf-no_write_workqueue, ambazo huondoa foleni zisizo na faida na hazigusi ulinzi. Pima kabla na baada. Kwenye diski nyingine hazisaidii.

Usikimbilie usimbaji uliojengwa ndani ya SSD yenyewe ili kupata kasi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walikuta baadhi ya SSD zinazojulikana sana zikifunguka bila nenosiri, na mwaka 2019 Microsoft wakaacha kuuamini kwa chaguo-msingi.

Simama hapa, ita fundi wa kuokoa data

Windows ikikuambia uformati diski ya nje uliyoifunga kwa LUKS au VeraCrypt, kataa. Haijaharibika, Windows haiitambui tu. Ukikubali, unaandika juu ya kichwa.

Diski ikitoa sauti ya kugonga, au delestaji ikikata umeme katikati ya kufunga na mfumo hauwaki tena, zima. Usianze kufungua wala kufunga upya, usiendeshe chkdsk, kirekebisha-diski cha Windows. Diski inayokufa inanakiliwa kwanza yote, biti kwa biti, kwenye diski nyingine isiyo na ubovu, na kazi yote inafanyika kwenye nakala hiyo. Fundi akianza kwa kuchomeka diski yako moja kwa moja na kubonyeza “rekebisha”, ichukue uondoke.

Nenosiri usimtumie kwa ujumbe wa simu. Nenda uliandike mwenyewe. Kazi ikiisha, libadilishe, uchukue nakala mpya ya kichwa cha LUKS, na ile ya zamani uiharibu: bado inafungua diski ileile kwa nenosiri la zamani.